Misingi ya Kazi ya Misheni ya CMS katika Nchi ya Mpakani, na Fundisho Lake Kwetu



Kamati ya Jamii iliomba kwamba katika toleo hili la kumbukumbu iandikwe makala moja ya historia itakayowafaa wakaaji wa kambi pamoja na wafanyakazi wa mashirika wanaotuhudumia. Nimechagua historia ya misheni, kwa sababu Kiyeyi iko katika nchi ya Padhola, wilayani Tororo, si mbali na Malaba na Busia. Zamani njia ya misafara kutoka pwani kwenda Busoga na Buganda ilipita katika nchi hii ya mpakani. Yale ambayo wageni wa wakati ule walifanya vizuri, na yale waliyoharibu, bado yana maana kwetu.

Nitaeleza habari za chama kimoja tu, yaani Church Missionary Society, kinachojulikana kwa kifupi kama CMS. Sikukichagua kwa kuwa ni bora kuliko vingine. Wakatoliki wa Tororo wanawafahamu sana Wamisionari wa Mill Hill, ambao waliingia Uganda mwaka 1895, nao wana historia yao yenye heshima. Nimechagua CMS kwa sababu misingi ya kazi yake iliandikwa mapema, kwa maneno machache, na tunaweza kuipima kwa matendo yaliyotokea karibu na hapa tulipo. Msomaji ambaye si Mkristo naye asiweke karatasi hii chini, maana neno lenyewe linahusu kila mtu anayesaidiwa na kila mtu anayesaidia.

MISINGI ILIYOANDIKWA LONDON

CMS iliundwa London tarehe 12 Aprili 1799, katika mkutano wa makasisi na waumini wa kawaida uliofanyika katika nyumba ya wageni. Hawakuwa wengi, wala hawakuwa na fedha nyingi. Baadhi ya watu wa kundi lao, akiwemo mbunge William Wilberforce, walikuwa wakipigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1807.

Kasisi John Venn ndiye aliyewaeleza wenzake jinsi kazi inavyopasa kuanzishwa. Kwa maneno yetu tunaweza kuyafupisha mawazo yake hivi. Kwanza, tumfuate Mungu anapotangulia, tusimtangulie. Pili, tuanze na kidogo. Tatu, fedha iwe ya pili. Sala, masomo na mashauriano yatangulie. Nne, kazi itategemea sana aina ya watu watakaotumwa.

Msomaji ataona kwamba hakuna jambo la ajabu hapo. Hata wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini ni rahisi kuandika kwamba fedha ni ya pili, na ni vigumu kuitenda kanuni hiyo mradi unapopata fedha nyingi.

JUKWAA LA WAASHI

Mwana wa John Venn, aitwaye Henry Venn, alikuwa katibu wa CMS kuanzia mwaka 1841 hadi 1872. Yeye aliongeza msingi mwingine, ambao kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote. Alifundisha kwamba kanisa linalozaliwa katika nchi yoyote lazima lifike mahali pa kujitegemea kwa fedha, kujiongoza lenyewe, na kujieneza lenyewe. Alifananisha misheni na jukwaa ambalo waashi husimamisha kando ya nyumba inayojengwa. Jukwaa ni la lazima, lakini si nyumba. Nyumba ikisimama, jukwaa huondolewa na kupelekwa penye kazi nyingine. Misheni ambayo haijui namna ya kuondoka imekosa shabaha yake.

Venn hakuishia katika maneno. Mwaka 1864 Samuel Ajayi Crowther aliwekwa kuwa askofu kwa ajili ya kazi ya Afrika Magharibi. Crowther alikuwa Myoruba aliyetekwa akiwa kijana mwaka 1821, akauzwa, kisha mwaka 1822 akaokolewa na manowari ya Kiingereza kutoka katika meli ya watumwa na kushushwa Sierra Leone. Kwa lugha ya siku hizi tungesema alikuwa mtu aliyeng'olewa kwao akapewa hifadhi ugenini. Alisoma ugenini, akafundisha ugenini, na hatimaye akarudi kwa watu wake akiwa kiongozi.

WALIOIBEBA KAZI UPANDE WETU

Vitabu vingi vya shule vinataja Wazungu tu: Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, Rebmann aliyemfuata mwaka 1846, na Alexander Mackay aliyefika Buganda mwaka 1878. Walikuwa watu wa kweli na walitaabika. Krapf alimzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka huo huo wa 1844. Lakini tukitaka kujua nani aliibeba kazi kila siku, hatuna budi kutazama kwingine.

Kabla CMS haijafika Buganda mwezi Juni 1877, alikuwapo tayari katika jumba la Kabaka Mutesa I kijana aitwaye Dallington Maftaa. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na kusomeshwa Unguja katika misheni nyingine, ile ya Vyuo Vikuu, UMCA. Alikuja na msafara wa Stanley mwaka 1875 akabaki, akimsomea Kabaka Maandiko na kumwandikia barua. Lugha aliyofundishia ilikuwa Kiswahili. Hata Mackay naye alianza kwa kusoma Maandiko ya Kiswahili mbele ya Kabaka, kabla ya vitabu vya Kiganda kupatikana. Kwa hiyo lugha hii tunayoitumia katika jarida letu ilifika Buganda midomoni mwa wafanyabiashara Waislamu wa pwani, na darasa la Kikristo likaanza kwa lugha hiyo hiyo, mwalimu akiwa kijana asiye na kwao.

Huko pwani, mwaka 1875, CMS ilianzisha kijiji cha Freretown karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kengele yake bado ipo, na mahali hapo panaitwa Kengeleni hadi leo. Watu walitoka makabila mbalimbali, wengine hawakujua hata jina la nchi yao. Walipewa viwanja, shule na kazi. Walipewa pia sheria nyingi ambazo hawakushirikishwa kuzitunga, na mwaka 1881 ilibidi uchunguzi ufanywe kuhusu adhabu za viboko walizopewa. Wakaaji wa kambi wataielewa habari hiyo bila maelezo marefu. Mtu anaweza kuokolewa kutoka baharini na bado asiulizwe neno lolote kuhusu maisha yake.

SAFARI YA KWA SUNDU, 1885

Miongoni mwa viongozi wa jamii ile alikuwa William Jones. Aliuzwa akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa Nasik nchini India, kisha akarudishwa Afrika Mashariki kufanya kazi ya misheni Rabai na Mombasa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka kuwa shemasi, pamoja na mwenzake Ishmael Semler.

Mwezi Julai mwaka huo huo Hannington aliondoka Rabai kwenda Buganda akiwa na Jones na wapagazi wapatao 200. Aliacha njia ya zamani ya kusini, akapita nchi ya Wamasai mpaka Kwa Sundu, mji wa Mfalme Mumia wa Wawanga, ambao leo ni Mumias. Mumia aliwapokea. Kutoka hapo, mwezi Oktoba, askofu alichukua watu 50 akatangulia kwenda Busoga, akimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara. Mtu anayetoka Mumias kwenda Busoga hawezi kukwepa mstari ambao leo tunauita mpaka wa Kenya na Uganda. Wakati ule mstari huo haukuwapo.

Lakini kulikuwa na hatari nyingine. Watu wa Buganda waliamini kwamba adui atakayeimeza nchi atatokea upande wa mashariki, kupitia Busoga. Mwaka ule Wajerumani walikuwa wameanza kunyakua nchi pwani, na hofu ya Kabaka Mwanga ikazidi. Wamisionari waliokuwa Buganda waliandika barua za kumwonya askofu, lakini hazikumfikia kwa wakati. Hannington alikamatwa Busoga kwa Chifu Luba, na tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa kwa amri ya Mwanga. Karibu watu wake wote waliuawa pamoja naye. Wachache tu waliponyoka na kurudi Kwa Sundu na habari hiyo.

Jina la askofu limeandikwa katika kalenda ya kanisa, na mwaka 1892 mifupa yake ilizikwa Namirembe kwa heshima. Majina mengi ya wapagazi hatuyajui. Wengine walikuwa watu wa Rabai na Freretown, waliookolewa mara moja kutoka utumwani na hawakuokolewa mara ya pili. Tunapofanya kumbukumbu, tuwakumbuke na wao.

Na tumtazame Jones aliyebaki. Yuko mamia ya maili kutoka pwani, kiongozi wake ameuawa, chakula na bidhaa za kubadilishana zinapungua, na watu zaidi ya mia wanamtazama yeye. Alingoja wiki kadhaa mpaka akawa na hakika kwamba hakuna mwingine aliyesalia. Kisha akauongoza msafara kurudi, akaufikisha Rabai mwezi Februari 1886. Mbele yao walibeba bendera ya buluu yenye jina Ikabodi, ambalo katika Biblia maana yake ni kwamba utukufu umeondoka.

Huo ndio mtihani wa msingi wa nne wa John Venn, kwamba kazi inategemea aina ya watu. Mkubwa alipoondoka, kazi iliokolewa na mtu ambaye zamani aliandikwa katika orodha ya kusaidiwa.

WATORO WA RABAI

Jones aliendelea kulea Rabai. Katika miaka ile watumwa wengi walikimbia mashamba ya mabwana zao wakaingia katika vijiji vya misheni. Waliitwa watoro. Wakubwa wa CMS walikuwa wametoa agizo kwamba watoro wasipokewe, ili kuepuka ugomvi na wenye mashamba na serikali ya Sultani. Hata hivyo watoro walipokewa, wakajenga, wakalima. Jones alijua utumwa ni nini.

Mwaka 1888 wenye watumwa walidai mali yao irudishwe. Kukawa na hatari ya vita. Mwishowe George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikubaliana na wenye mashamba kuwalipa fidia, na watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru mwanzoni mwa mwaka 1889.

Tazameni jambo hili kwa makini. Agizo la ofisi lilisema hivi, na msingi wa chama chenyewe, kilichozaliwa na watu waliopinga utumwa, ulisema vile. Mtu wa chini aliyekaa na watu ndiye aliyeukumbuka msingi.

PALE MISINGI ILIPOSAHAULIWA

Haifai kuandika historia kwa kusifu tu. Baada ya Henry Venn kufa mwaka 1873, fikira zake zilipoa. Huko mto Niger, karibu na mwaka 1890, wamisionari vijana kutoka Uingereza waliingilia kazi ya Askofu Crowther, wakawaondoa watumishi wake wengi Waafrika, na kumwacha mzee bila mamlaka ya kweli. Alifariki tarehe 31 Desemba 1891. Aliyewekwa mahali pake alikuwa Mzungu.

Uganda nako kulitokea jambo linalofanana. Hapa msingi wa kujieneza ulikuwa umezaa sana. Walimu wa Kiganda walitembea kwa miguu kwenda Busoga, Bunyoro, Toro na upande huu wa mashariki. Apolo Kivebulaya alifika Boga, nchini Kongo, mwaka 1896. Walimu hao hawakulipwa kutoka London. Waliishi kwa matoleo ya waumini, na makanisa yao yalijengwa kwa matete na mikono ya wenyeji. Makasisi wa kwanza wa Kiganda waliwekwa mwaka 1896. Kwa hiyo kanisa lilikuwa tayari linajitegemea na kujieneza.

Lililobaki lilikuwa kujiongoza. Mwaka 1897 Askofu Alfred Tucker alipendekeza katiba ambayo wamisionari na wenyeji wangekaa chini ya baraza moja la kanisa, kwa sheria moja. Wamisionari wengi walikataa. Hawakutaka kazi yao iamuliwe katika baraza lenye Waafrika wengi. Ubishi uliendelea miaka 12. Katiba ilipopitishwa mwaka 1909, wamisionari kwa sehemu kubwa walibaki nje ya mamlaka ya baraza hilo. Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika kanisa hilo Uganda, Aberi Balya, aliwekwa mwaka 1947, miaka 70 baada ya CMS kufika. Askofu mkuu wa kwanza Mwafrika, Erica Sabiti, alishika kazi mwaka 1966, wakati Uganda ilikuwa imeshapata uhuru wake.

Walioikataa katiba ya Tucker hawakuwa watu wabaya. Wengi walifundisha, waliuguza na kuzikwa hapa hapa. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba nyumba itaanguka wakiondoa jukwaa, ingawa wenyewe walikuwa wakiona walimu wa Kiganda wakijenga nyumba nyingine mbali bila jukwaa lolote.

MPAKA NA UDUGU

Kuna jambo dogo linalotuhusu sana sisi wa mpakani. Hadi mwaka 1902 nchi ya Mumias, Kisumu na Busia yote ilikuwa ndani ya Uganda, katika Jimbo la Mashariki. Mwaka huo serikali ya Uingereza iliihamishia upande wa Kenya. Watu wa ukoo mmoja wa Wateso na Wasamia wakajikuta katika nchi mbili bila kuhama nyumba zao.

Kanisa halikufuata mara moja. Kazi ya CMS katika Nyanza, pamoja na shule ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, iliendelea kuwa chini ya askofu wa Uganda mpaka mwaka 1921. Kwa muda wa miaka 19 mstari wa serikali ulikuwapo, lakini askofu alikuwa mmoja pande zote mbili. Hilo latuonyesha kwamba mpaka ni kazi ya binadamu, na kwamba watu wanaweza kuendelea kuhesabiana ndugu juu yake wakitaka.

FUNDISHO KWETU

Sasa nirudi nyumbani. Mimi ni mwalimu, na nitatoa mfano wa shule. Nimewahi kufundisha katika shule ya wakimbizi, si hii, iliyoendeshwa na shirika moja kwa bidii. Madawati yalikuwapo, chaki ilikuwapo, walimu tulilipwa posho. Lakini rejista, ufunguo wa stoo na mpango wa masomo vyote vilikuwa mkononi mwa afisa wa mradi. Mradi ulipomalizika, gari liliondoka siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata shule haikufunguliwa. Walimu walikuwapo, watoto walikuwapo, hata jengo lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu aliyewahi kuruhusiwa kuamua.

Kwa hiyo ninashauri kwamba misingi mitatu ya Henry Venn igeuzwe kuwa maswali matatu, na Kamati iyaulize kila mwaka juu ya kila kazi iliyopo kambini: shule, kisima, zahanati, kikundi cha akina mama, na hata jarida hili.

Kwanza, sisi wenyewe tunatoa nini? Hakuna anayetutarajia tulipe mishahara. Lakini kufagia darasa, kuchimba mtaro wa kisima, kuleta kuni za kupikia uji wa watoto, hayo yote ni matoleo. Waumini waliomlisha mwalimu wao hawakuwa matajiri.

Pili, nani anaamua? Mikutano iendeshwe kwa lugha ambayo wajumbe wote wanaielewa, na kumbukumbu zake zisomwe hadharani. Rejista na funguo zishikwe na watu wawili, mmoja wa shirika na mmoja wa jamii, tangu siku ya kwanza, si wiki ya mwisho.

Tatu, nani anafundishwa kuchukua nafasi? Kila fundi, muuguzi na mwalimu awe na kijana mmoja pembeni yake. Jones hakufundishwa uongozi pale Kwa Sundu baada ya askofu kufa. Alikuwa amekwisha kuaminiwa kabla.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru kwa moyo wote. Wengi wenu mmeacha nyumba zenu kuja kukaa na watu msiowajua, na mgonjwa aliyetibiwa usiku hasahau. Tunawaomba jambo moja tu: mtuambie mapema siku mnayokusudia kuondoka, na tuanze kujiandaa pamoja tangu leo. Mkifanya hivyo hatutasema mmetutupa. Tutasema mmemaliza kazi.

Kwa wakaaji wenzangu nasema kwamba neno mkimbizi linaeleza lililotupata, halielezi tunachoweza kufanya. Maftaa, Crowther na Jones wote walifika ugenini mikono mitupu. Watoto wetu walio darasa la tano leo ndio watakaoshika kambi hii, au watakaojenga upya huko tulikotoka amani ikirudi. Mkutano ujao wa wazazi na walimu utazungumzia suala la rejista na funguo za shule. Wazazi wote, akina baba kwa akina mama, mnaombwa kuhudhuria bila kukosa.

Mungu awabariki wote, na awape pumziko waliofariki njiani.

Na Mwalimu, kwa niaba ya Kamati Ndogo ya Elimu